Namba ya Mtihani ya Mdogo Wangu

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, joto la Kharumwa lilikuwa limelala juu ya mabati, na mimi nilikuwa nikiishi nusu duniani, nusu ndani ya kompyuta. Nilikuwa najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, peke yangu. Kilichonipumbaza ni yale maombi ya mtandaoni: unaandika mistari mitatu pale kibarazani, ombi linaondoka, linabisha hodi kwenye seva, kompyuta ya mbali usiyojua iko nchi gani, linarudi na jibu. Mara nyingine nilifumba macho nikalifuata kwa mawazo, likipita juu ya majaruba ya mpunga na mashimo ya dhahabu, bila kutimua vumbi.

Mdogo wangu alikuwa amerudia mtihani. Akifaulu, chuo cha uuguzi. Akifeli, baba alishasema basi, aende Maganzo kwa shangazi akauze dukani. Tovuti ya matokeo ilikuwa imezidiwa na watu, nami kwa majivuno yangu nikamwambia atulie, programu yangu itamwulizia.

Ombi la kwanza lilirudi na 404, yaani hakuna kitu hapo. Nikaliona kosa: namba ya mtihani ina alama ya mkwaju, ule mstari wa kulala, katikati, na seva ilidhani ni njia ya kuingilia chumba kingine. Nikaandika msimbo wake badala ya alama yenyewe. 404. Nikaambatisha maelezo ya kujulisha ombi limetoka wapi. 404. Nikajaribu namba ya binti wa jirani, alama zake zote zikaja papo hapo, nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Nikarudisha ya mdogo wangu. 404.

"Ng'wanone, mwanangu, hiyo mashine bado tu?" mama akaniuliza akipita kwenda kisimani.

"Inakaribia, mama."

Mdogo wangu alikuwa mkekani, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Mimi ubishi nimezaliwa nao, nikaendelea, mchana ukapita juu yangu nisiusikie.

"Dada, acha," akasema. "Programu yako iko sawa."

"Ngoja, nimeshaona kosa."

"Hakuna kosa. Namba hiyo niliitunga mwenyewe."

Siku ya kujisajili, akaniambia, alifika mlangoni pa ofisi ya usajili, miguu ikagoma. Aliogopa kufeli tena. Asubuhi zote za mtihani aliondoka na kalamu zake, akaenda kukaa kanisani mpaka saa nane.

Nilikasirika, sitasema uongo. Kisha aibu ikanishika. Seva ya mbali nilikuwa nimeiuliza kwa kila njia niijuayo, lakini yeye, ninayelala naye chumba kimoja, sikuwahi kumwuliza hata mara moja mtihani ulikuwaje.

Nikafunga kompyuta, nikahamia mkekani.

"Baba nitamwambia mimi," nikasema.