Msamaha Nilioutuma kwa Simu

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Old Moshi, nikaambiwa yule mzee wa kahawa amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua, ingawa sikuwahi kumtaja jina. Ndiye niliyemwandika hapa: kila akitumiwa pesa na wanawe huteremka kwa wakala, huzitoa zote, huzitazama, kisha humrudishia wakala aziweke tena kwenye simu. Makato yalikuwa yakimmaliza, nami niliandika nikicheka, nanyi mkacheka. Sikumuuliza hata siku moja kwa nini anafanya hivyo. Kule kwao walimtambua mara moja, na Jumapili iliyofuata, akitoka ibadani, watu wazima na akili zao wakamwita Mzee Toa-Weka. Jina likamganda.

Nilipopata habari hizo niliona aibu, lakini aibu ya kivivu. Nikiwa nimekaa zangu nyumbani Soweto, hapa hapa Moshi mjini, nilimtumia pesa kidogo na ujumbe wa kumwomba radhi. Siku chache baadaye pesa zikarudi zote, makato kayalipa yeye. Kisha akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umezipata? Nimebonyeza mwenyewe. Nilimwomba yule mama wakala anifundishe, maana jambo kama hili humpi mtu akufanyie. Sasa sikiliza, mwanangu. Huku kwetu ukimkosea mtu unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Akilipokea, yamekwisha. Mimi nipo. Njoo."

Nikasema nitakuja. Mara mvua, mara kazi. Kutoka Soweto hadi kwake si safari ya kufunga mizigo, na naandika haya uso ukiniwaka.

Mazishini nilikwenda na isale langu, nikamnyooshea mjane wake. Alilitazama, asilipokee.

"Hukunikosea mimi, baba," alisema taratibu. "Yeye alikuwa anakungoja. Kila pikipiki ikipanda, anachungulia. Haya, ingia ule."

Nilikula huku jani likiwa mkononi, sijui pa kuliweka.

Sisi waandishi tumezoea kulalamika kwamba wazee wanachelewa kujifunza mambo ya simu. Huyu alijifunza kwa siku chache tu, kwa sababu alikuwa na jambo alilotaka liishe. Aliyechelewa ni mimi. Kama kuna mzee uliyemkosea, usimtumie kitu. Nenda ukamwone angali hai.