Trei Niliyopewa Diani

Niliporudi kwetu Bodo kutoka Diani nilikuja na begi moja na trei ya kuokea. Trei nilipewa na bibi wa Kiingereza niliyempikia, alipofunga nyumba akarudi kwao. Kila alasiri alitaka chai na flapjeki: oti, ile nafaka ya uji, ichanganywe na siagi, sukari na shira, ishindiliwe kwenye trei, iokwe, ikatwe ingali moto. Nimefanya kazi miji mingi, na kila nikihama huikumbuka harufu kuliko watu. Hii ya flapjeki nilitaka shangazi yangu aijue. Ndiye aliyenilea, na tangu nirudi hakuwa amekula chochote nilichopika. Mara amefunga, mara ameshiba. Bila kusema, aliishuku mikono iliyopika kwa Wazungu.

Nikaoka jikoni kwake, makaa juu na chini. Nilipomwekea sahani alikigeuza kipande kwa ncha ya kidole.

"Umetembea dunia nzima ukaniletea pumba za kuku?"

"Onja, shangazi."

"Siagi ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Na huyo bibi yako, nguruwe alikuwa hali?"

"Alikuwa akila. Lakini nyama ilikuwa na chombo chake."

"Basi sema wallahi haikuingia kwenye trei hii."

Nikafungua kinywa. Siku zangu za mapumziko alikuja mpishi mwingine, mtu wa kushika chombo chochote kilicho karibu. Nikaitazama trei. Pembeni palikuwa na weusi ambao sikuwahi kujiuliza ulitokana na nini.

"Siwezi kuapa," nikasema.

Vile vipande nilivifukia nyuma ya jiko, na trei nikaitupa.

Kesho yake nikaoka tena, kwa sufuria yake mwenyewe. Alivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akanikodolea macho. Akainusa shira. Kusoma hajui, kwa hiyo pakiti ya oti aliigeuza kote akitafuta picha ya nguruwe.

Kipande cha kwanza alinipa mimi, akangoja nimeze. Ndipo naye akala, akitafuna polepole.

"Hakina iliki," akasema. "Na kinachosha meno."

"Basi acha, shangazi."

"Nani kasema naacha?"

Akachukua cha pili. Hata hicho alikivunja kwanza, akatazama ndani.