Barafu Kwenye Bawa

Kila nikipulizia kioo cha gari dawa ya kuyeyusha barafu hapa Bredäng, katika nchi ya Waswidi, ile harufu tamu ya spiriti hunichefua, nami hutema mate kwenye theluji.

Nilipokuwa mtoto, Baba alikuwa akisafisha ndege ndogo na kuzipulizia dawa kama hiyo katika kiwanja kimoja nje ya jiji. Hakujua Kiswidi, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda naye kumtafsiria. Asubuhi ile alivua glavu, akapitisha kiganja juu ya bawa, barafu ikakwaruza kama msasa.

"Mwambie asiruke kwanza."

Nikamwambia mwenye ndege. Akacheka. "Mwambie baba yako aache, upepo utaipangusa."

Ndege iliinuka kimo cha nyumba, ikalala ubavu, ikajibwaga shambani. Mwenyewe alitoka mzima, akinuka mafuta, akauliza mbele ya watu kwa nini bawa halikusafishwa.

Baba aliinama sikioni mwangu. "Binti yangu, kazi hii tunaihitaji. Sema nilisahau."

Nikasema, kwa Kiswidi safi. Yule mtu akanipapasa kichwa, akakisifu Kiswidi changu, akanipa andazi la iliki lililonuka vidole vyake.

Nikalila lote.