Kona Iliyofichwa na Mlima

Fundi cherehani mstaafu alijenga reli ya kuchezea mezani, akitaka aione treni ikizunguka mara moja tu kabla kifua hakijammaliza. Kwa haraka akaifunika kona kwa mlima wa plasta kabla ya kuijaribu. Treni ikaingia ndani, ikaanguka, wala mkono haukuweza kuifikia.

“Kaka, haraka yako haijawahi kuona baraka,” dada yake alimtania. “Vunja tu huo mlima.”

“Nikipata nguvu, dada.”

Hakuzipata. Baada ya mazishi dada alishika nyundo, akamtaja Mungu, akavunja. Akairudisha treni relini, ikaanguka palepale. Kumbe kona ilikuwa kali mno tangu mwanzo. Akaanza kung'oa misumari ya reli ili aipanue kona, huku akimwombea marehemu.