Fundi Domina na gramafoni zilizokwisha kusaidiwa

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Domina Rugemalira anainamia gramafoni kwenye gereji ya nyumba anayopanga Oxon Hill, Marekani, na tayari ameshasonya mara tatu. Anapitisha kidole kwenye gurudumu la mpira linalozungusha sahani. Ananusa.

"Mafuta ya kupikia," anasema. "Jamani! Mtu mzima na akili zake anamimina mafuta ya chapati kwenye mpira!"

Mtu mzima huyo ni Kimani Ndirangu, msaidizi wa wauguzi kutoka Germantown, na amesimama pale pale mlangoni.

"Nilikuwa natry tu kuisaidia, dada," anajitetea. "Ilikuwa inapiga kelele mob, kelele nyingi."

Kusaidia! Hakuna neno linalomchefua Domina kama hilo. Tangu mwaka 2000, miaka sita sasa, siku tano za wiki anahudumia wazee katika makao yao huko Fairfax. Jumamosi ni ya ufundi aliojifunza Bukoba kwa kaka yake, fundi redio. Hutoza dola arobaini kwa mashine, na nusu ya kazi, anasema, ni kuondoa misaada ya wenyewe: gundi, grisi, siku moja hata bandeji.

Leo kuna makubwa zaidi. Juu ya kichwa cha sindano Kimani amebandika sarafu ya shilingi ishirini ya Kenya, mazoea ya baa za nyumbani, ili sindano isirukeruke.

"Umeipiga hivi kwa muda gani?"

"Miaka mitatu. Kila Jumapili nikitoka church."

"Santuri gani?"

Ni moja tu. Mama yake Kimani, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa mwanakwaya Nyahururu, na katika wimbo mmoja anaongoza peke yake. Familia haina sauti yake nyingine popote.

Domina anaiinua santuri kwenye mwanga wa dirisha, na hasira zinampanda kweli kweli. "Kaka Kimani, nisikilize. Uzito huu unachimba. Kila Jumapili umekuwa ukimkwangua mama yako."

Kimani anakaa juu ya kreti.

"Na bado inaimba mbio," anasema. "Nimenunua transfoma mbili. Binti yangu Lorraine humcheka shosho, bibi yake, ati anaimba kama katuni."

"Hata ungenunua kumi!" Domina anafoka. Transfoma hubadilisha nguvu ya umeme, anaeleza, si mapigo yake. Umeme wa Kenya hupiga mara hamsini kwa sekunde, wa Marekani sitini, na mota ya zamani kama hii, iliyoletwa kutoka Kenya, hufuata mapigo na kuzunguka mbio. Dawa ni kigurudumu chembamba zaidi kwenye ncha ya mota. Anacho kimoja kwenye kopo la maziwa, alikitoa kwenye mashine iliyokufa.

Kwanza anaufunga mkono wa sindano kwa uzi usiyumbe. Koleo hatumii, koleo hupinda mhimili wa mota. Analegeza skrubu na kukivuta kigurudumu cha zamani kwa vidole, taratibu, huku akinung'unika, kisha anakivika kile chembamba. Mpira anaufuta kwa pamba na spiriti, na egemeo la mkono vilevile, maana uchafu wa hapo ndio uliokuwa ukirusha sindano. Sarafu anaibandua, anaweka sindano mpya, anaupima mgandamizo wake kwa mizani ndogo: gramu nne. Kimani akinyoosha mkono kusaidia, anachapwa kikofi.

Inakaribia saa nne sindano inaposhuka. Mikwaruzo, tena mingi, kisha kwaya, kwa utulivu. Kisha mwanamke peke yake, sauti nzito, pana.

Kimani anashika kichwa kwa mikono miwili. "Ni mathe. Huyo sasa ndiye."

Anampigia Lorraine na kuielekeza simu kwenye spika. Upande wa pili mtoto anauliza kwa Kiingereza ni nani anayeimba.

"Ni shosho yako," Kimani anamwambia.

Domina amegeukia ukuta, anafuta macho na kuilaumu spiriti. Kufikia Krismasi, anasema, atakuwa na mashine ya kunakili santuri kwenye CD, na kila atakayekanyaga gereji hii atanakiliwa yake kwanza, kabla ya maelezo yoyote.

"Nakilini mapema," anasema, "kabla hamjawamaliza mama zenu."