Tundu Kwenye Pikapu ya Baba

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mpaka leo sielewi kwa nini trela ile ilinishinda akili. Mfugaji mmoja wa upande wa Nanyuki ndiye aliyetuazima. Mbele ilikuwa na shingo ndefu ya chuma, imepanda juu halafu ikapinda chini kama ya bata bukini. Trela ninazozijua mimi hufungwa nyuma ya gari, chini ya mlango. Hii ilitaka kuingia ndani ya pikapu yenyewe. Iingie ifanye nini?

Fundi wa kuchomelea, Mmeru mpole mwenye karakana mtaa wa Bulla Pesa, alinieleza mara tatu. Sakafu ya nyuma itobolewe katikati, juu ya ekseli, kisha kichwa cha chuma cha ukubwa wa ngumi kifungwe pale kwa boliti mpaka kwenye chesisi, na shingo ya trela ikalie kichwa hicho. Nikamuuliza kama amewahi kufunga kitu kama hicho. Akasema ameona kwenye simu. Wallahi nilikasirika. Pikapu ile ilikuwa ya marehemu baba, na sakafu yake nilikuwa nikiifuta kwa mafuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nikamwambia akifunge kichwa chake kule mwisho, karibu na mlango, palipokuwa na matundu ya zamani. Akajikuna kisogo, akasema sawa mwalimu, akafanya nilivyotaka. Kazi ikala siku mbili.

Na siku zenyewe hatukuwa nazo. Kule Ngaremara ukame ulikuwa umemwachia mama ng'ombe wachache. Idadi sisemi, kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Hawakuwa na nguvu za kutembea mpaka Leparua, ambako binamu yangu alikuwa ametuombea malisho. Bila trela wangefia pale pale walipolala.

Siku ya tatu asubuhi mama akatufuata karakana. Alitoa salaam fupi, akasema yule ng'ombe wa rangi ya jivu jana ameinuliwa kwa mkia ndipo akasimama. Sisi tulikuwa tumepakia magunia ya mchanga kwenye trela tuijaribu. Nikaondoa gari, nikakata usukani kulia. Gari likaenda mbele tu, moja kwa moja kuelekea ukuta. Nikakata tena, wapi! Nikakanyaga breki, nikashuka. Pikapu ilikuwa imekalia matako, tairi za mbele zinagusa udongo kidogo tu.

Nikaanza kumfokea fundi. Yeye akamtazama mama. Mama akauliza ni nani huyo aliyefunga mzigo mkiani, na kama nimewahi kuona ngamia akibebeshwa hivyo. Ikabidi nieleze: tundu, sakafu, baba. Nilidhani yeye ndiye angeumia zaidi akiona gari la mumewe likitobolewa.

Alipanda nyuma ya pikapu kwa shida, akasimama katikati, akaikanyaga sakafu kwa kisigino.

"Hii gari ilikuwa ng'ombe," akasema. "Baba yako aliuza ng'ombe wangu ndio akanunua. Toboa hapa."

Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiifuta ile sakafu, na hakuna aliyewahi kuniambia. Fundi hakungoja ruhusa yangu. Drili ikalia, vumbi la chuma likaruka, na mimi nimesimama pale sijui kama nimenyang'anywa kitu au nimepewa.

Siku iliyofuata usukani ulitii kutoka Ngaremara mpaka Leparua. Tulipofungua trela, ng'ombe walishuka wakiyumba. Mama akawaita kwa rangi zao kama afanyavyo siku zote: mwekundu, mweupe, mweusi mwenye baka. Akamwita na yule wa jivu. Tulikuwa tumemwacha Ngaremara. Alikufa alfajiri ile ile, kabla hatujafika na trela.

Mama hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi. Angenilaumu, ningejua la kumjibu. Ijumaa bado naifuta sakafu. Nikifika kwenye tundu mkono unasimama, nakumbuka zile siku mbili.