Miguu Iliyokatwa Kwenye Picha

Fundi fremu alikuwa amemtia Yesu kwenye kioo mara nyingi kuliko alivyokanyaga kanisani, na hakuona haya kulisema. Yesu mwenye kondoo, Yesu anayebisha hodi, Yesu mwenye macho ya buluu, Yesu mweusi ti: wote aliwapima kwa rula ya chuma, urefu kwa upana, basi. Picha ikizidi kioo, aliipunguza chini vidole viwili, maana chini, alisema, nani anatazama? Vipande hivyo alivikunja na kuvishindilia nyuma ya fremu ili picha isicheze. Miaka ishirini hakuna aliyelalamika.

Mpaka siku mjane wa fundi viatu alipofuata picha yake. Aliisogeza dirishani, akaikagua.

“Mwanangu, miguu iko wapi?”

“Miguu gani, mama?”

“Ya Bwana. Nilikuletea mzima, unanipa asiye na pa kusimamia.”

Fundi alitaka kucheka, akaona midomo ya yule mama inatetemeka.

“Lakini watu hutazama uso, mama.”

“Watu, labda. Mzee wangu alitazama miguu. Kila asubuhi akifunga viatu vyake, utamsikia: ‘Aliyemchora huyu hajawahi kuvaa sandali! Ona mkanda ulivyokaa juu ya kidole kidogo. Atachubuka huyu! Angepitia kwangu ningemrekebishia.’ Miaka thelathini na minne, utani ule ule, na nilikuwa nimeuchoka. Sasa hayupo. Uso wa Bwana nitauona siku yangu ikifika. Lakini nikitazama ile miguu, namsikia mume wangu.”

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Vipande vya juzi alikuwa ameshavitumia, na fremu nyingine mbili zimekwisha kwenda kwa wenyewe, labda na miguu ile ndani yake. Akalaza picha kifudifudi, akang'oa vimisumari. Kipande cha kwanza kilikuwa na maua ya picha ya mtu mwingine. Mjane alishika ukingo wa meza. Kipande cha pili kilikunjwa mara nne. Fundi akakikunjua polepole, na vidole kumi vya miguu vikatokea.

Alikibandika kwa gundi mahali pake juu ya ubao, akakata kioo kikubwa zaidi.

“Ila alama itabaki, mama. Hapa kwenye vifundo.”

“Na ibaki.”

Udadisi ukamshika. Miaka yote hiyo alikuwa ametazama kingo tu. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

“Mguu upi?”

“Wa kushoto.”

Akatazama. Kweli bwana, mkanda ulikuwa umekikalia kidole kidogo kama mzigo. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

“Atachubuka huyu!”

Mjane akafumba macho.

“Sema tena, mwanangu.”